Kiboko Alivyoapa Mbele ya Kichaka

— Mpo?
— Tupo!
— Na masikio?
— Tumekuja nayo!
— Na midomo?
— Tumeifunga!
— Mmeifunga na bado mnanijibu? Basi leo nimepata wasikilizaji wa kabila langu, kabila la waongo. Nianze?
— Anza!
— Nikikosea?
— Tutacheka!
— Nikipatia?
— Tutashangaa!

Haya. Naomba radhi mapema, maana ngano hii nitaiharibu. Mwenye ngano ni shangazi yangu, Bi Mwanamvua. Alipokuwa akiisimulia, hata sufuria jikoni iliacha kuchemka ili isipitwe. Mimi nikiisimulia, sufuria huungua. Sauti ya Kiboko naiweza, kwa sababu tumbo ninalo. Sauti ya Sange ndiyo inayonishinda. Ningekuwa na sange wa kumwuliza ningemwuliza. Alikuwapo mmoja kichakani nyuma ya nyumba yangu, yeye na watoto wake wawili. Wamehama. Hata kuaga hawakuaga. Majirani wengine, jamani, hawana shukrani.

Basi. Hapo kale, katika Bonde la Mtapia, aliishi Bi Sange. Asiyemjua sange nitamchorea: chukua panya, mvute pua mpaka iwe kama mrija wa dafu, mpe miguu ya mtu mwenye haraka, halafu mwache, maana hutamshika tena. Huyo ndiye sange.

Bi Sange alikuwa na ugonjwa mmoja: usafi. Kichakani mwake alikuwa na vijinjia vyembamba, upana wa kiganja, na kila asubuhi alivifagia. Fya! fya! fya! Jani hili, weka kule. Fya! fya! fya! Kijiti hiki, weka kule. Akimaliza njia ya mwisho, ya kwanza imeshadondokewa na jani. Anaanza upya. Fya! fya! fya!

Kichaka chenyewe hakikuwa na sura. Juu miiba, chini tope, katikati mbu wakifanya arusi. Lakini kwenye mizizi ya kichaka hicho palikuwa na kitu kidogo sana, ambacho hakuna aliyekijua isipokuwa Bi Sange na pua yake. Kilisema: ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Mchana kutwa, ti-ti-ti. Kikumbukeni, maana mimi nitakisahau.

Chini ya kichaka palikuwa na bwawa, na bwawani aliishi Bwana Kiboko. Alikuwa mkubwa. Akiingia bwawani, maji yalitoka kumpisha. Akitoka, maji yalirudi polepole kuhakikisha kama kweli ameondoka. Na alikuwa na mdomo, ndugu zangu, mdomo ambao ukifunguka ulitia kivuli.

Kiboko alikula majani ya upande wa juu. Kwachu! kwachu! Yakaisha. Akala majani ya upande wa chini. Kwachu! kwachu! Yakaisha. Akala ya kulia, akala ya kushoto, akabakiza kipande cha katikati cha kumtosha siku tatu. Ndipo akainua kichwa, akaona kichaka cha Bi Sange. Tumbo likamwambia: kile pale.

Akaja. Pu! pu! pu! Ardhi ikatetemeka, mbu wakaahirisha arusi.

"Hodi sipigi," alisema Kiboko, "maana mlango siuoni."

"Karibu, bwana mkubwa," alisema Bi Sange. "Mlango umeukanyaga."

"Bi Sange, hama. Mbugani kumebaki majani ya siku tatu. Siku ya nne nahamia hapa, mimi na mdomo wangu."

Bi Sange akatazama nyuma. Kwenye kitanda cha majani makavu walikuwa wamelala watoto wake wawili, wamezaliwa wiki hiyo, kila mmoja sawa na kokwa la embe.

"Na hawa, bwana mkubwa?"

"Kwani nimesema nitawala? Mimi mtu wa majani, roho yangu safi. Ila nikianza kula siangalii chini. Si kiburi, mama. Ni tumbo. Tangu utotoni sijapata kuiona miguu yangu."

Akageuka, akaondoka. Pu! pu! pu! Vijinjia vitatu vikafa pale pale.

Msimchukie. Njaa ya kiboko si kama njaa yako, ya kuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Ni njaa inayolala naye, inaamka kabla yake. Lakini njaa yake na kitanda cha watoto wa Bi Sange haviwezi kukaa mahali pamoja. Kimoja lazima kiondoke, na njaa ilikuwa na kilo nyingi zaidi.

Bi Sange hakulia. Alikimbia. Tipu-tipu-tipu! Akaenda kwa Kobe.

Hapa lazima nisimame niwaeleze, ama sivyo mtanitupia viatu. Zamani kabla ya zamani hii, wanyama wa Mtapia walikuwa wamekula bonde zima mpaka likabaki jekundu kama jeraha. Walioponea chupuchupu wakaketi wakaunda Kamati ya Amana. Kila mwaka, Kamati huchagua mahali pamoja tu, pamoja peke yake, pawekwe amana. Mahali pakishawekwa amana hapaliwi, hapachimbwi, hapafyekwi. Panakaa palivyo, kwa ajili ya waliopo na wasiozaliwa. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Kobe. Karani alikuwa Korongo, ambaye aliandika kwa mdomo wake kwenye tope, mwandiko mzuri kuliko wangu.

"Shikamoo, babu," alisema Bi Sange, pumzi juu juu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Keti. Ukikimbia hivyo mbele yangu unanitusi."

"Babu, ukaguzi wa mwaka huu ni keshokutwa. Naomba kichaka changu kiwekwe amana."

Kobe akafumba macho. Akayafumbua. Kazi hiyo ilimchukua muda.

"Haiwezekani, mjukuu wangu. Mwaka wa kwanza tuliruhusu kila mtu aombe kwake. Fuko akaomba shimo lake. Kunguru akaomba tawi lake. Kupe, huyo Kupe hana haya, akaomba mgongo wa Nyati. Tukaona hapana. Tangu hapo kanuni ni moja: ombi la kulinda mahali litoke kwenye mdomo unaoweza kupala. Anayeweza kupamaliza, huyo huyo ndiye aje aseme, 'Napaacha.' Sisi hatuna ukuta. Hatuna mikuki. Tuna neno la mtu tu, na neno la asiyeweza kukiharibu kitu litakilinda kwa nguvu gani?" Akamwelekezea shingo. "Kichaka chako, nani anaweza kukimaliza?"

"Kiboko."

"Basi ombi lije kwa mdomo wa Kiboko."

"Mdomo wa Kiboko, babu, una kazi moja tu."

"Najua," alisema Kobe kwa upole. "Ndiyo maana nimekuambia uketi."

Bi Sange akarudi kwake. Safari hii hakukimbia. Akawaangalia watoto wake. Akaangalia ile alama ya mguu wa Kiboko, pana kama sinia la arusi, maji yameshaanza kujaa ndani. Akakaa akifikiri, pua ikichezacheza. Pua ya sange ikichezacheza hivyo, mtu mzima mwenye akili huhama mtaa.

Asubuhi Kiboko akapita kupima chakula chake cha keshokutwa. Akamkuta Bi Sange anafagia huku anaimba. Fya! fya! fya!

"Wewe mama, unafagia nini? Si nimekuambia hama?"

"Nafagia ili nikuachie pasafi, bwana mkubwa. Ila roho yangu haina raha."

"Kwa sababu ya kuhama?"

"Ah! Kuhama ni mguu tu. Kwa sababu ya wewe."

"Mimi?"

"Nimetoka kwa Kobe. Kamati inakagua kesho. Sasa pangekuwa mtu mkubwa mmoja, mwenye sauti, akisimama aseme kichaka hiki kiwekwe amana, basi hapa hakuna atakayetia mdomo. Hakuna. Nyati hatii. Swala hatii. Tembo apitaye njia hatii. Mwaka mzima, miaka yote."

Kiboko aliposikia "hakuna", akawahesabu wanyama wote wa bondeni, mmoja mmoja, akajiruka yeye mwenyewe. Si kwa ujanja. Ndivyo alivyohesabu siku zote.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa. Na huyo aliyeomba ndiye anaitwa Mlinzi. Anakaa jirani na mahali hapo siku zote, na kila apitaye lazima amwamkie."

"Lazima?"

"Lazima. Lakini achana nayo, bwana mkubwa. Mambo ya vikao yana maneno mengi, jua kali. Wenyewe nasikia wanasema kazi kama hiyo angeiweza Nyati."

Masikio ya Kiboko, yale madogo yasiyolingana na kichwa, yakazunguka. Frrrr!

"Nani?"

"Mimi sijasema. Mimi ni pua tu."

"Nyati? Awe Mlinzi? Wa kichaka *changu*? Nyati ambaye hata kuogelea hajui?"

"Nimenyamaza, bwana."

"Mama, acha kufagia. Nipeleke kwa huyo Kobe wako!"

Mmeona? Hakudanganya hata neno moja. Mimi katika umri wangu nimedanganya watu kwa uongo mtupu na bado hawakuamini. Yeye alisema kweli tupu, na kweli ikamfunga mtu wa tani mbili.

Siku ya ukaguzi ikafika. Maombi yalikuwa mawili. La kwanza ni la Pundamilia, aliyeomba Kilima cha Mawemeupe, kwa kuwa ndiye aliyekula majani yake machache. La pili ni la Kiboko. Na ukaguzi wa Kamati una sharti lake: mnakwenda kwa miguu, na hakuna wa kumtangulia Kobe. Hata mmoja. Hata Korongo hufunga mabawa akatembea. Ukiuliza kwa nini, watakuambia kwamba ukikagua nchi kwa mwendo wa Swala, utarudi na habari za upepo tu.

Wakaanza na kilima. Kiboko akabaki chini, akajilaza penye kivuli, akasema kilima kile hakina njia ya tumbo lake. Akakoroma. Kwa hiyo yaliyosemwa juu hakuyasikia. Alikuwa na tabia hiyo ya kutomaliza vikao. Nisicheke, nami ninayo.

Huko juu Korongo akauliza maswali ya Kamati, yale matano, kwa sauti ile ile ya kila mwaka:

"Nani hunywa hapa?"

Pundamilia akatazama mawe. Mawe yakamtazama.

"Nani huzaa hapa?"

"Hapa hapafai kuzaa, lakini panapendeza kusimama."

"Nani hupita hapa?"

"Mimi. Jioni. Upepo ukinipepea manyoya ya shingo."

"Pakifa hapa, nani atalia?"

"Mimi."

"Sana?"

"Kiasi."

"Na nani atapaacha?"

"Sasa hapo," alisema Pundamilia, "ndipo sikuelewa. Nikipaacha nitasimama wapi nionekane?"

Korongo akaandika mstari mmoja mfupi. Wakashuka.

Wakamwamsha Kiboko, wakashika njia ya kichakani. Jamani, kumfuata Kobe! Hatua moja. Pumziko. Hatua moja. Pumziko. Jua lilimkaa Kiboko mgongoni kama mgeni asiyeaga. Akataka kupita, Korongo akamwonyesha mdomo. Akarudi nyuma. Kichwa kikamshuka kwa uchovu, kikashuka, kikashuka, mpaka kidevu kikagusa majani. Na kwa kuwa kichwa kilikuwa chini, macho nayo yakawa chini. Mara ya kwanza tangu azaliwe, Bwana Kiboko akaona anapokanyaga.

Akaona kijinjia. Chembamba, kisafi, hakuna hata jani. Akakifuata kwa macho. Kikapinda, kikakutana na kingine, kikapita chini ya mwiba, kikafika kwenye kitanda cha majani makavu. Wakati huo mguu wake wa mbele ulikuwa hewani, unatafuta pa kutua. Chini yake, vitoto viwili vilivyo sawa na kokwa la embe vikamkodolea macho. Pua zao zikanyanyuka zikamnusa.

Kiboko akabaki na mguu hewani.

"Endelea, bwana," alisema Pundamilia nyuma.

"Siendelei."

"Kuna nini?"

"Kuna watu," alisema Kiboko kwa sauti ndogo, kisha akaona aibu, akangurumisha: "Karani! Uliza maswali yako upesi, mguu wangu unachoka!"

Korongo akasafisha koo.

"Nani hunywa hapa?"

"Wote!"

"Taja mmoja."

Kiboko akatafuta wa kumtaja. Kwa kuwa sasa alikuwa amesimama kimya, amezuia hata pumzi asije akavipeperusha vile vitoto, akasikia kitu. Ti-ti-ti. Akatega sikio. Ti-ti-ti. Akaona tone linatoka kwenye mzizi, linaanguka, linaungana na jingine, yanateremka kwenye kijifereji chembamba kama uzi, yanapita kwenye tope, yanashuka, yanashuka... Kiboko akafuata kwa macho mpaka mwisho. Mwisho wake ulikuwa bwawa lake.

"Mi..." alisema. "Mimi?"

"Andika: Kiboko," alisema Kobe.

Baridi ikampita Kiboko tumboni, na kupita kwenye tumbo lile si safari fupi. Miaka yote alidhani bwawa lina maji kwa sababu yeye yumo.

"Nani huzaa hapa?"

"Hawa."

"Hawa kina nani?"

"Hawa walio chini ya mguu wangu! Andika, ndugu yangu, andika!"

"Nani hupita hapa?"

"Huyu mama. Kila asubuhi. Fya! fya! fya! Hanipi usingizi."

"Pakifa hapa, nani atalia?"

Kiboko akatazama bwawa. Akatazama mzizi.

"Hilo sitaki kujibu."

"Andika: amejibu," alisema Kobe.

Bi Sange akapita chini ya ule mguu, tipu-tipu-tipu, akabeba mtoto mmoja, akarudi akabeba wa pili. Mguu ukashuka. Pu! Kiboko akashusha pumzi, na pamoja na pumzi ile ule ubaridi wa tumboni ukamtoka. Nafasi yake ikaingia njaa. Maana ndivyo tulivyo: mtu anatokwa na machozi msibani, na sikio lake liko jikoni.

"Na swali la mwisho," alisema Korongo. "Nani atapaacha?"

"Ndiyo hilo la Mlinzi?" aliuliza Kiboko.

"Ndilo."

"Mimi. Nipe maneno niyarudie."

Kobe akasogea mbele, akainua shingo mpaka mwisho wake. "Mimi Kiboko."

"Mimi Kiboko."

"Kwa mdomo wangu na miguu yangu."

"Kwa mdomo wangu na miguu yangu."

"Napaacha hapa palivyo."

"Napaacha hapa palivyo."

"Leo, na kesho, na siku njaa itakaponishika."

"Leonakeshonasikunjaaitakaponishika."

Aliapa kama mtu anayeitikia dua macho yakiwa kwenye pilau. Korongo akaandika. Kichaka cha Bi Sange kikawekwa amana, Kiboko akawa Mlinzi, Pundamilia akapiga makofi kwa kwato moja ili isionekane ameshindwa.

Na Mlinzi hapo hapo akasogea kwenye tawi bichi lililomtazama tangu afike, akafungua mdomo. Kivuli kikaingia kichakani.

"Bwana mkubwa!" alisema Bi Sange. "Unafanya nini?"

"Naanza kazi."

"Kazi gani?"

"Si uliniambia hapa hakuna atakayetia mdomo?"

"Nilisema."

"Basi wote wasitie. Mimi natia."

"Hakuna, bwana mkubwa."

"Ndiyo, hakuna."

"Na wewe umo humo kwenye hakuna."

Mdomo wa Kiboko ulikuwa bado wazi. Maneno yale yakaingia, yakazunguka mle ndani, yakatafuta njia, yakafika kichwani yamechelewa. Akamtazama Kobe. Kobe akainamisha kichwa: ndivyo. Akamtazama Korongo. Korongo akamwonyesha tope: imeandikwa.

Hapo, wenzangu, hakuna aliyepumua. Kwa maana nani wa kumzuia? Kobe? Korongo, na ile miguu yake ya vijiti? Neno lake lilikuwa kwenye tope, na tope liko chini ya mguu wake. Hatua moja tu, kwachu moja tu, na kitanda cha majani makavu ni hadithi. Bi Sange akawakumbatia wanawe wawili, pua yake imetulia tuli. Hila zake zote zilikuwa zimeishia pale. Akabaki kutazama ule mdomo, na ule mdomo ukabaki wazi.

Ti-ti-ti, ilisema mizizi.

Ndipo Pundamilia, Mungu amweke, akashindwa kujizuia. Akacheka. "Hi-hi-hiii! Mwacheni ale! Nilijua mimi. Kuna Mlinzi aliyedumu kuliko huyu? Amelinda muda wa kufumba kope moja! Korongo, futa, andika jina la Nyati!"

Kiboko akageuza jicho moja.

"Afute nini?"

"Jina lako."

"Aandike nani?"

"Nyati."

PWAPU! Mdomo ukafungwa. Upepo wake ukamwangusha Korongo.

"Sikiliza wewe mwenye mistari," alisema Kiboko, na lile tawi bichi liko sentimita mbili kutoka kwenye pua yake, na machozi yanamlenga. "Nilikuwa napiga miayo. Mlinzi haruhusiwi kupiga miayo? Rudini nyuma nyote. Rudini! Mnanikanyagia kichaka."

Akarudi nyuma yeye wa kwanza. Hatua moja. Pumziko. Hatua moja. Pumziko. Safari hii akiangalia chini.

Shangazi yangu alikuwa akifika hapa husema jambo la Bi Sange ambalo wasimulizi wengine huliruka. Asubuhi ya pili yake Bi Sange aliamka mapema, akatoka nje ya kichaka na watoto wake wawili, wakaanza kufagia. Fya! fya! fya! Si kijinjia cha upana wa kiganja. Walifagia njia pana, inayozunguka kichaka chote kwa nje, njia ya upana wa tumbo la Kiboko. Iliwachukua siku nne. Kiboko akaikuta, akaitazama, akauliza, "Hii ya nani?"

"Yako, bwana Mlinzi. Ndiyo ya kuzungukia. Tumetoa mawe yote, maana tunajua huoni miguu."

Kiboko akaijaribu kwa mguu mmoja. Akaizunguka mara moja. Akaizunguka mara ya pili. Mara ya tatu akawa anatembea kifua mbele.

Akapungua, ndiyo. Alitembea ng'ambo ya bonde kutafuta majani, akarudi jioni miguu inauma, na mbuga yake, kwa kupumzishwa na mdomo wake, ikaanza kuota tena kidogo kidogo. Kisha ukaja ukame. Bwawa la Nyati likakauka. Bwawa la Tembo likakauka. Bwawa la Kiboko likapungua, likapungua, likasimama. Ti-ti-ti. Wakaja wote kunywa, wakakuta foleni, na mwenye foleni ni Kobe, kwa hiyo ilikwenda polepole.

Nyati akanywa. Akainua kichwa, akaona kichaka kibichi, cha pekee kilichobaki kibichi bonde zima. Ulimi ukamtoka. Akapiga hatua.

"Nyati," sauti ilisema nyuma yake. "Umesahau kuamkia."

"Ah, Kiboko! Ndugu yangu! Tule kidogo, mimi na wewe. Pembeni tu. Nani ataona?"

Kiboko akatazama lile tawi. Lilikuwa limerefuka. Alilijua jani kwa jani. Kila siku alilipita mara tatu, na kila siku tumbo lilimwambia: kile pale.

"Hapa hakuna atakayetia mdomo," alisema Kiboko.

Na safari hii, alipohesabu hakuna, alianza na yeye mwenyewe.

Ngano imefika kizingitini, nami naisukuma itoke. Lakini shangazi hakuacha watu waende bila fundisho, basi shikeni fundisho. Watoto wangu wapenzi, msikae vikaoni mpaka mwisho, wala msisome mnachoapa. Kiboko angesikiliza lile swali la tano kule kilimani angekataa, angekula kichaka, na bonde zima lingekufa kiu kwa sababu ya msikivu mmoja. Na pili, mkubwa akikuambia hama, mpe cheo. Na tatu, mkiona mwenzenu anataka kufanya vizuri na hawezi, mcheke. Pundamilia ndiye aliyeokoa bonde, na hakuna aliyemshukuru.

Kilichonoga katika maneno haya mgawane nyinyi. Kilichoungua niachieni mimi, nimezoea.

Na msiende kumtafuta Kiboko kwenye visiki vya kichaka nyuma ya nyumba yangu, mkimwuliza kwa nini yule sange wangu alihama na wanawe. Kiboko wa watu hana kosa. Kiboko hajui kushika panga.